Mvuvi wa pweza Jibondo, nimepewa nafasi ya mafunzo ya daivumasta (kiongozi wa wazamiaji). Naomba ushauri wa waliopitia

Mbizi_Jibondo aliuliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Wasio Waislamu, hamjambo?

Nina miaka 22, kwetu ni Jibondo, Mafia. Nilianza kupiga mbizi na mjomba nikiwa darasa la tano, tukitafuta pweza kwenye miamba. Huu ni mwaka wa pili nafanya kazi ya boti katika kituo kimoja cha uzamiaji Utende. Nabeba mitungi, naosha nguo za kuzamia, nawavisha wageni. Nina cheti kile cha mwanzo kinachoruhusu kwenda mita 18, na nimezama na mtungi mara 11 tu.

Wiki iliyopita meneja kaniita. Anasema atanifundisha mpaka niwe daivumasta na sitalipa kitu, ila miezi 6 nitafanya kazi bila mshahara. Nitalala banda la wafanyakazi na chakula nitapata. Sijamjibu.

Mama hataki. Anasema chini ya maji si pa kukaa, ni pa kushuka na kurudi. Mjomba naye anacheka, anasema wewe mzamiaji tangu mtoto, hao watakufundisha nini? Mimi mwenyewe naogopa mtihani wa Kiingereza, niliishia kidato cha nne. Na Ramadhani ikifika katikati ya mafunzo nitafanyaje? Aliyepitia njia hii akae kitako anieleze. Nataka sana kazi hii.

---

Hawa_wa_Kilindoni alijibu:

Waalaykum salaam mdogo wangu. Mimi ni mtoto wa Kilindoni, nilifanya mafunzo hayo hapohapo Utende, 2018 kuingia 2019. Sasa nipo Pemba, naongoza wageni. Nitaandika kwa kirefu, univumilie.

Nianze na maneno ya mjomba, kwa sababu mimi pia niliambiwa hivyo na kaka zangu, na nusura yaniue.

Mbizi ya kwetu, unavuta pumzi juu ndipo unashuka nayo. Ukifika mita 10, bahari imeibana pumzi ile imebaki nusu. Ukipanda inarudi ilivyokuwa. Haiwezi kuzidi pale ilipoanzia, kwa hiyo haikudhuru. Ndiyo maana tangu utoto tunafunzwa kubana pumzi na kutoiachia. Mtungi ni kinyume chake. Ukiwa mita 10 ukavuta hewa ya mtungi, mapafu yanajaa tele kwa mgandamizo wa kulekule chini. Ukiibana hiyo ukapanda nayo, kufika juu inataka nafasi maradufu, na kifua hakina nafasi hiyo. Pafu linachanika, hewa inaingia kwenye damu, inapanda kichwani. Wala si lazima uwe umetoka mita 10. Watu wameumia kwa kupanda mita moja na kidogo tu.

Sasa fikiria: aliyetoka bara, asiyejua hata kuogelea, anafundishwa neno moja, vuta, toa, usibane. Anashika. Wewe na mimi tuna miaka kumi ya kubana. Mwili umeshaamua kabla kichwa hakijafikiri. Mwalimu wangu alikuwa anapiga magoti mbele yangu mchangani, ananionyesha mdomo wake na mapovu yanayotoka, halafu ananionyesha wangu. Hakuna povu. Najua ninachotakiwa kufanya na bado nimebana. Ilinichukua zaidi ya mara kumi kuzama mpaka mwili ukaacha. Kilichonisaidia ni kuvumisha sauti puani na kooni, mmm, kila ninapotoa kifaa cha hewa mdomoni. Ukivumisha sauti huwezi kubana. Anza leo, hata ukiwa unaosha mitungi.

La pili, na hili hakuna aliyeniambia mapema. Ukishazama na mtungi asubuhi, usiende na mjomba kupiga mbizi ya pweza jioni. Najua bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, ndiyo siku za pweza, na najua nyumbani wanakutegemea siku hizo. Lakini ukizama na mtungi, naitrojeni ya hewa ile inayeyuka mwilini, inatoka taratibu kwa saa nyingi baada ya kupanda. Chupa ya soda ukiifungua polepole haimwagiki, ukiifungua kwa pupa inafoka. Kushuka na kupanda haraka kwa mbizi ya kienyeji, mara ishirini, ni kufungua chupa kwa pupa. Mimi nikizama na mtungi, mbizi ya nyumbani nangoja mpaka kesho yake. Zungumza na mjomba kabla hujaanza, siku za bamvua mgawane: za mtungi zijulikane, za pweza zijulikane.

Mafunzo yenyewe. Niliyofanya mimi ni ya PADI, shirika la kimataifa la mafunzo ya uzamiaji, na nadhani wewe pia. Hutaingizwa moja kwa moja. Lazima kwanza upate cheti cha pili, kisha cha uokoaji, pamoja na huduma ya kwanza isiyozidi miaka 2. Kuanza unatakiwa uwe umezama mara 40, kumaliza mara 60, na zote ziandikwe daftarini. Wewe una 11. Kwa hiyo muulize meneja: miezi 6 inaanza kuhesabiwa lini? Usikubali mpaka ujibiwe.

Kuna kuogelea mita 400 bila kifaa chochote, kuelea dakika 15, na zile mbili za mwisho mikono iko nje ya maji, kwenda mita 800 na miwani na mapezi uso ukiwa majini, na kumvuta mzamiaji aliyechoka mita 100. Hapo mtoto wa Jibondo hutasumbuka. Wenzangu kutoka Ulaya walikuwa wanapauka kwenye zile dakika 15, mimi naangalia mashua zinazopita.

Ila lipo zoezi moja lilinitoa machozi. Mnakaa wawili chini, mnabadilishana vifaa vyote: miwani, mapezi, jaketi na mtungi wake, huku mkipumua kwa zamu kwenye kifaa kimoja. Mwenzangu alikuwa dada wa Kiholanzi. Ikifika zamu yangu ya kungoja, sekunde chache tu, kifua kinaniambia bana, na nikibana mwalimu anasimamisha zoezi. Nilishindwa mara tatu. Jioni ya ile ya tatu nilikaa gatini nikitazama popo wa Chole wakitoka kwenda kula, wale wakubwa, na nilishaamua kurudi Kilindoni kuuza dukani kwa shangazi. Yule Mholanzi akaja akakaa kando yangu. Akaniambia: kesho tuhesabu, mimi pumzi mbili, wewe mbili, nikikupa nakubana mkono. Kesho yake tukapita. Tafuta mwenzako wa namna hiyo mapema, maana ukipata mwenye papara mtafeli wote wawili.

Ramani ya mwamba ndiyo niliyoipenda kuliko yote. Unapewa sehemu, unaichora: kina, mchanga unapoanzia, matumbawe makubwa, mkondo unakotoka. Wageni wanatumia dira na kuhesabu mapigo ya mapezi. Mimi nilifanya hivyo, halafu nikaenda kwa nahodha wetu, mzee wa Chole, akanionyesha mahali palepale kwa kulinganisha mbuyu mmoja na ncha ya kisiwa cha Juani. Dira yangu ilikuwa imekosea. Niliifuta nikachora upya.

Mtihani wa maandishi una sehemu mbili, na ufaulu ni asilimia 75. Kuna hesabu za mgandamizo, mwili wa mtu, vifaa, majedwali ya naitrojeni. Kiingereza chake si cha mapambo, maneno ni yaleyale yanajirudia. Mimi niliandika kila neno gumu upande mmoja wa karatasi ya daftari, upande wa pili nikaandika kwa Kiswahili changu, nikazibandika ukutani juu ya kitanda. Hesabu si ngumu kwako: kila mita 10 inaongeza mgandamizo mmoja, basi mita 20 ni mitatu ukijumlisha ule wa hewa ya juu. Ukilishika hilo nusu ya mtihani umeshaipata.

Maisha ya banda ni haya: unaamka kabla ya wageni, unaangalia maji yanajaa au yanakupwa, unapima mitungi, ile ambayo presha yake haifiki baa 200 inarudi kwenye kompresa kujazwa. Saa tano au sita za boti. Kurudi, kila kitu kioshwe maji yasiyo na chumvi, halafu daftari. Usiku uchovu unakulaza na taa. Nilipata vidonda vya chumvi visivyopona na sikio lililovimba mpaka nikawa silalii upande. Daktari akaniambia nisuuze masikio kwa maji safi kila nikitoka baharini, niyakaushe, nisichokoe. Tangu hapo halijarudi. Chakula ni wali na maharage siku nne, samaki tatu. Hela sina. Niliponea wakati wa papa potwe, kuanzia Oktoba mpaka Machi hivi, wanapokuja Kilindoni. Siku yangu ya mapumziko nilikuwa naongoza wageni wa miwani na mapezi, bila mtungi, nalipwa kwa siku. Na kumtazama mnyama yule, mrefu kuliko boti yenyewe, anakunywa maji na vidagaa taratibu kama hana habari nawe, kulinirudishia moyo kila wiki.

Sasa nikueleze kosa langu. Mlango wa Kinasi unaujua, pale maji yanapoingia na kutoka kati ya ghuba na bahari kuu. Tulikuwa na kundi, na mgeni mmoja alikuwa ameshazama zaidi ya mara 300 na hakunyamaza juu ya hilo. Tulichelewa kutoka gatini. Tulipofika, niliona mashua zilizotia nanga zimeanza kugeuza omo, yaani pua zake. Maji yalikuwa yanataka kutoka. Nililiona, nikajua, nikanyamaza. Mimi mwanafunzi, yule ana mizamo 300, kiongozi ana cheti kikubwa. Nikajiambia wanajua.

Tulishuka, na dakika 10 baadaye hatukuwa tunaongoza chochote. Maji yalitubeba kama takataka kuelekea nje. Kiongozi alitoa ishara ya kupanda, tukashikana, tukasimama mita 5 dakika zetu 3 huku tukiendelea kusafiri, tukatoka juu na mawimbi ya nje yanatupiga. Tulipuliza boya, lile refu la rangi ya chungwa. Boti ilituona baada ya dakika kama 40. Hakuna aliyeumia. Mgeni mmoja mama wa makamo alikuwa amenishika ukosi wa jaketi muda wote, na mpaka tunapanda botini vidole vyake vilikuwa havifunguki.

Mdogo wangu, wewe umekulia kwenye maji yale. Utaona mambo ambayo mwenye cheti kutoka ng'ambo hayaoni. Ukiyaona, sema. Sema mbele ya wageni kama hapana budi. Mimi sikusema, na mikono ya yule mama naikumbuka mpaka leo.

Ramadhani: siku hizi inaangukia kaskazi, wageni tele. Kuhusu swaumu na maji yanayoweza kuingia mdomoni, muulize sheikh wako, sikutolei fatwa. Ninachojua ni cha mwili: mwenye kiu naitrojeni inamsumbua zaidi. Mimi mwezi ule naomba mzamo mmoja wa asubuhi, usio wa kina kirefu, mwingine nabaki botini kuandika majina na muda. Daku nakunywa maji ya kutosha. Nilimwambia mkuu wangu wiki mbili kabla, akapanga ratiba. Usingoje siku ya kwanza ya mfungo ndipo useme.

Mama yako hajakosea. Mchukue siku moja aje botini, akuone unavyokagua vifaa vya mtu mwingine kabla hajaingia majini. Mama yangu alikaa kimya safari nzima, akashuka, akaniuliza swali moja tu: na wewe vyako anakagua nani? Nikamwonyesha mwenzangu. Akaridhika.

---

Nahodha_Kusi alijibu:

Bi Hawa kasema kweli, nami niongeze la boti, kazi yangu miaka 26.

Kijana, siku za bamvua usidhani mlangoni hapazamwi. Panazamwa, maji yakiwa yanaingia. Hapo maji ya bahari kuu ni meupe, unaona mbali, na yanakusukuma ndani ya ghuba, boti inakufuata bila taabu. Shida ni kuchelewa. Mkikosa nusu saa ya mwanzo, geuzeni mkazame ndani. Wageni watanung'unika. Wape chai.

Kusi ikikaza, nje hakuendeki, mtafanya kazi ndani ya ghuba miezi mizima. Usione ni hasara. Ndani ndiko utakakojifunza kumwangalia mtu, maana huangalii mawimbi.

Na mjomba wako usimdharau. Anapokwambia leo maji mazito, msikilize, hata kama kompyuta ya kuzamia unayovaa mkononi inasema nyuzi 28 na kila kitu sawa.

---

Kijana_wa_Nungwi alijibu:

Kaka, mimi nazungumzia karatasi tu, maana iliniuma.

Nilikubali mpango kama wako, kituo sikitaji. Tulikubaliana kwa mdomo. Nilifanya kazi miezi 9. Nilijaza mitungi, nikapaka boti rangi, nikalinda usiku. Nilizama labda mara mbili kwa wiki, na mara nyingi nilikuwa nashika kamba tu. Mwalimu aliyekuwa ananifundisha akamaliza mkataba wake akaondoka, na mazoezi niliyofanya naye hayakuwa yamesainiwa. Aliyemfuata akasema hawezi kusaini asichokiona. Nilikuwa na haki ya kukasirika na sikuwa na karatasi hata moja.

Basi iandikwe. Mara ngapi kwa wiki utazama kama mwanafunzi, si kama mbeba mitungi. Nani analipia vitabu, nani analipia cheti, na nani atalipa ada ya mwaka ukishakuwa daivumasta, kwa sababu hiyo ipo na watu hawaitaji. Bakshishi ya boti unagawiwa au hugawiwi. Ukiugua sikio, siku zile zinahesabiwa vipi. Ukipata ajali ya mgandamizo, bima ipo, na chemba ya matibabu, kile chumba cha mgandamizo, iliyo karibu ni ipi na unafikishwaje. Na kila zoezi lisainiwe siku hiyohiyo, kabla hujaosha hata mapezi. Nilianza upya mahali pengine kwa utaratibu huo, nikamaliza kwa miezi 4.

---

Mbizi_Jibondo aliandika:

Nimesoma yote, tena nimemsomea mjomba kwa sauti. Pale pa pumzi inayotaka nafasi maradufu hakucheka. Amesema bamvua hii niende naye, inayofuata niamue.

Meneja nimemuuliza habari ya miezi 6 inaanza lini. Kasema inaanza nikishafika mara 40, na kabla ya hapo nabaki na mshahara wangu. Nimemwomba aandike, kasema Jumamosi.

Dada Hawa, kuna jambo sikulisema. Sikio la kushoto lilinipasukia nikiwa na miaka 14, nilishuka na mafua kufuata pweza. Lilitoka damu, likapona lenyewe. Sasa halina shida ila nikishuka huwa linachelewa kufunguka kuliko la kulia. Kwenye cheti cha kwanza fomu iliuliza masikio nikaandika hapana. Naogopa nikisema nitanyimwa nafasi.

---

Hawa_wa_Kilindoni alijibu:

Asante kwa kusema, na usijilaumu. Nusu ya wavuvi wa pweza ninaowajua wana sikio la namna hiyo.

Kabla ya Jumamosi, kabla ya kusaini chochote, nenda hospitali Kilindoni waliangalie kwa taa. Kwa daivumasta fomu ya afya inasainiwa na daktari, si wewe peke yako, kwa hiyo litatokea tu, na heri litokee sasa. Wakiona kovu lililofunga vizuri, daktari anaweza kukuruhusu, wapo wengi wanaozama na kovu. Wakiona tundu, bado si mwisho, wataalamu wa masikio wapo Muhimbili na tundu linazibika. Lakini usishuke na tundu. Maji yakiingia ndani ya sikio, kizunguzungu kinakuja hujui juu wala chini, na ukiwa mita 20 na wageni wanne nyuma yako huna wa kumshika.

Linalochelewa kufunguka: fungua kuanzia juu kabisa, kila nusu mita, usingoje liume. Tanguliza miguu, shikilia kamba ya nanga, na likikataa panda mita moja, ujaribu tena. Likikataa mara ya tatu, siku hiyo wewe ni wa botini. Ukiwa na mafua usishuke kabisa, hata ukiambiwa watu ni pungufu.

Fomu ya zamani mwambie meneja mwenyewe, kwa mdomo wako. Anayekutaka kazini atakuheshimu kwa hilo. Asipokuheshimu, umemjua kabla hujampa miezi 6.

Nakuja nyumbani Idi. Zile karatasi zangu za maneno bado ninazo, zina alama za gundi na chumvi lakini zinasomeka. Nitaziacha kwa shangazi, duka la karibu na soko Kilindoni, waulize duka la Bi Hawa mkubwa. Ukienda kuzichukua, mwambie na majibu ya sikio.